Nabugoye: Sinagogi ya Wakulima wa Mbale

Waumini wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, mashariki mwa Uganda, ni Wayahudi, lakini chimbuko lao ni kanisa la Kianglikana.

Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alifundishwa Biblia na wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Mwishoni mwa karne ya 19 aliteka eneo la Bukedi kwa niaba ya Waingereza, akitumaini kutawazwa mfalme. Aliambulia maili 20 za mraba huko Mbale, mji alioufungua mwenyewe. Mwaka 1906 akapelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiko, yaani baraza, ya Busoga. Aliporudi Mbale mwaka 1913, imani yake kwa Waingereza ilikuwa imekwisha. Akajiunga na Bamalaki, Wakristo walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali.

Biblia hakuiweka chini. Kadiri alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyoona kwamba amri ya tohara haijafutwa. Bamalaki wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Basi, akajibu, sisi ni Wayahudi! Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akajitenga pamoja na wafuasi wake huko Gangama, chini ya Mlima Elgon. Haikuwa hatua ndogo: Wagisu wa huko hutahiri vijana wao tangu kale, lakini Waganda hawakuwa na mila hiyo.

Hadi hapo walikuwa bado wakibatiza. Mwaka 1920 alipita Myahudi mgeni aitwaye Yusufu, akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja, ubatizo ukaachwa. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha Kiganda cha kurasa 90, chenye sala na maagizo.

Alifariki Novemba 1928. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 70, ushirika huu haukuwa na rabi wake hata mmoja. Wazee wakulima, Samson Mugombe akiwa mbele yao, ndio walioshika sala, Sabato na tohara. Hao ndio wanaostahili heshima kubwa kuliko jemadari mwenyewe.

Kisha akaja Idi Amin. Dini yao ikapigwa marufuku. Wengine wakabatizwa, wengine wakasilimu, wachache wakasali kwa siri. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 3,000 walibaki 300 tu. Kampala ilikombolewa kutoka mikononi mwa Amin Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza.

Vijana wa miaka ya 1980 ndio walioinua upya Nabugoye. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008. Mwingine, J. J. Keki, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Peace Kawomera, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliuza mavuno yao pamoja. Sinagogi kubwa ya sasa ilifunguliwa mwaka 2016, na mwaka huo huo wapiga kura wa jimbo la Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua rabi Sizomu kuwa mbunge wao.