Majina ya Wanawake wa Kiebrania katika Usukuma

Katika nchi ya Bariadi, na katika Mkoa wa Simiyu kwa jumla, ambao uliundwa mwaka 2012, mwanamke Mkristo aghalabu huwa na majina mawili. La kwanza ni la Kisukuma, nalo hueleza hali ya kuzaliwa kwake. Kabula ni mtoto wa wakati wa mvua, iitwayo mbula. Nyanzala ni wa wakati wa nzala, yaani njaa. Shija ni aliyewafuata mapacha. La pili ni la ubatizo: Raheli, Lea, Debora, Naomi. Majina haya yalienea pamoja na misheni, kama ile ya Nasa kando ya Ziwa Viktoria, ambayo Africa Inland Mission iliipokea kutoka Church Missionary Society mwaka 1909.

Wako wadhanio kwamba jina la kwanza ni la kidunia, na la pili ni takatifu kwa asili yake. Kiebrania chenyewe hakiungi mkono dhana hiyo. Raheli maana yake ni kondoo jike. Na katika kitabu cha Mwanzo binti huyo huonekana kwanza akichunga kondoo wa baba yake. Lea hufasiriwa na wataalamu wengi kuwa ng'ombe. Debora ni nyuki, Sipora ni ndege, Yaeli ni mbuzi wa milimani. Msukuma mwenye zizi hahitaji mkalimani wa majina hayo.

Yako pia majina ya hali. Naomi, yaani mwenye kupendeza, alihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, akafiwa na mume na wana wawili huko Moabu. Aliporudi alitaka aitwe Mara, yaani uchungu. Mara na Nyanzala ni majina ya fikira moja: msiba wa wakati umetiwa katika jina la mtu.

Si kila jina hufumbuka hivyo. Maana ya Mariamu ingali na mabishano, ila njia zake ni wazi. Kwa Kiarabu lilifika likiwa Mariamu. Kwa Kiyunani na Kilatini likafika likiwa Maria. Hivyo majirani wawili, Mwislamu na Mkristo, huweza kuitwa jina moja pasipo kujua.

Basi mzazi aliyeacha Kabula ili bintiye aitwe Raheli alibadili mvua kwa kondoo. Tena alibadili neno alilolielewa kwa neno ambalo hakuelezwa maana yake, na hapo ndipo palipo hasara. Yafaa watoto wafundishwe maana za majina yao yote mawili.