Jua la Kinoru na ngozi ya mwanamichezo mzee

Asubuhi za mwezi Julai mjini Meru huwa na ukungu na baridi, na mzee anayekwenda Kinoru kutembea kwa kasi au kukimbia polepole hukumbuka sweta akasahau kofia. Hali hiyo ya hewa humhadaa. Joto tunalolisikia mwilini na miale ya urujuanimno inayoathiri ngozi na macho ni vitu viwili tofauti. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mawingu mepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo.

Kinoru, eneo ambalo wasomaji wengi walilifahamu kutokana na uwanja ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018, limekaa mahali ambapo jua halina huruma. Ikweta hupita kusini kidogo mwa mji wa Meru, kwenye barabara ya kwenda Nkubu. Isitoshe, mji wenyewe umejengwa kwenye miinuko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza ukali wa miale kwa takriban asilimia 10. WHO hupima ukali huo kwa kipimo ambacho kikifika 11 huhesabiwa kuwa umepindukia. Katika maeneo ya ikweta, mchana wa anga jeupe hupita kiwango hicho mara nyingi.

Saa ya kutahadhari haihitaji chombo chochote, kwani kivuli chako kinatosha. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua limepanda vya kutosha kudhuru. Mjini Meru jua hufika juu kabisa karibu na saa sita na nusu, wala si saa sita kamili, kwa sababu saa ya Kenya hufuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi. Kwa hiyo muda wa kuepuka ni kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na aliye na hiari ya kupanga mazoezi yake ayaweke kabla au baada ya hapo.

Je, ngozi nyeusi inahitaji losheni ya kukinga jua? Hapa matangazo ya biashara yamevuka ukweli. Melanini, ile rangi ya asili, huipa ngozi nyeusi sana kinga iliyokadiriwa kuwa sawa na losheni ya kipimo cha 13, ilhali ngozi nyeupe hupata kama 3 tu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Dermatology la Marekani hayakupata ushahidi thabiti kwamba jua ndilo chanzo cha saratani ya melanoma kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mstaafu mwenye ngozi nyeusi na pensheni ndogo anunue kwanza kofia yenye ukingo mpana na viatu vinavyomtosha. Losheni itafuata pesa zikibaki. Kuna, hata hivyo, sehemu za mwili ambazo melanini hazilindi ipasavyo.

Ya kwanza ni jicho. Saratani inayoota kwenye utando unaofunika weupe wa jicho imeenea Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na wataalamu huihusisha na miale ya jua pamoja na virusi vya Ukimwi. Huanza kama kinyama kidogo pembeni mwa mboni, chenye wekundu au weupe wa maziwa, na mgonjwa hudhani ni vumbi la uwanjani. Vinyama vingi vya aina hiyo havina hatari, lakini ni daktari wa macho anayeweza kuvitofautisha, si muuza miwani. Kinyama kikiondolewa mapema jicho huokoka. Kikiachwa kikue, huenda jicho zima likang'olewa. Ukingo wa kofia na miwani ya jua yenye kinga kamili dhidi ya miale hiyo husaidia sana. Kioo cheusi kisicho na kinga hakifai, kwa kuwa weusi wake hupanua mboni huku miale ikiendelea kupenya.

Mdomo wa chini nao hupigwa na jua moja kwa moja. Ukiwa na gamba au ufa usiopona kwa majuma kadhaa, uonyeshe kwa daktari.

Sehemu nyingine ni miguu, na huko jua halihusiki kabisa. Mwanamuziki Bob Marley, aliyependa kandanda karibu sawa na muziki, aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki mjini Miami mwezi Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Kwa watu weusi saratani hii, japo ni nadra, hupenda nyayo, viganja na kucha, mahali ambapo mwanamichezo amezoea kuona malengelenge na damu iliyovilia. Namna ya kutofautisha ipo. Damu iliyovilia baada ya kugongwa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, ingawa ukucha wa kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kumalizika. Doa la saratani halisogei hivyo. Hupanuka, au hupaka weusi ngozi iliyo kandokando ya ukucha. Watu weusi wengi wana mistari myeusi isiyo na madhara kwenye kucha kadhaa. Mstari wa kutilia shaka ni ule ulio peke yake na unaobadilika.

Kidonda ndugu mguuni, au kovu la zamani la moto lililofunguka tena, lisifungwe kitambaa mwaka baada ya mwaka. Saratani ya ngozi kwa Waafrika mara nyingi huchipuka kwenye makovu na vidonda vya namna hiyo. Mwenye kisukari achunguze nyayo kila baada ya mchezo, maana huenda asihisi kijiwe kilichomkata.

Uzee wenyewe hupunguza mafuta na jasho la ngozi, ikawa nyembamba, yenye kuwasha na kupona polepole. Dawa yake ni rahisi: maji ya vuguvugu badala ya moto, sabuni kidogo, kisha mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Kopo la Arimis, ambalo asili yake ni mafuta ya kukamulia ng'ombe, linatosha. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zile za steroidi zinazouzwa kiholela huikondesha zaidi ngozi ambayo umri umeshaikondesha.

Wazee wengi pia humeza dawa za shinikizo la damu. Mojawapo, hidroklorothiazaidi, huifanya ngozi iathiriwe na jua kwa urahisi, na mwaka 2018 wadhibiti wa dawa barani Ulaya walitoa tahadhari kwamba matumizi yake ya muda mrefu yanahusishwa na baadhi ya saratani za ngozi. Tafiti hizo zilifanywa kwa Wazungu. Asiiache mtu kwa hofu, kwani kiharusi kiko karibu zaidi. Amuulize daktari wake.

Yote yaliyosemwa kuhusu kinga ya melanini hayamhusu mtu mwenye ualbino. Kwake losheni ya kipimo cha 30 au zaidi ni dawa, ipakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa mbili, pamoja na mikono mirefu na kofia. Serikali ya Kenya imekuwa ikigawa losheni hiyo bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katika nchi jirani ya Tanzania, losheni ya Kilisun iliundwa mahususi kwa ajili yao katika hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Kwa wakazi wa Kinoru, hospitali ya rufaa ya Meru ndiyo iliyo karibu. Unapokwenda, beba dawa zote unazomeza, vua viatu na soksi hata kama hukuulizwa, na ukiambiwa kipande cha ngozi kikatwe kipimwe maabara, usiahirishe.