Kuiga Bahari Ili Kuisikia

Kebo ya telegrafu ilifika Mombasa mwaka 1890 kutoka Unguja, ambako tangu 1879 palikwisha kuunganishwa na Aden na Afrika Kusini. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliyoitandaza ilirithi tatizo la miongo mitatu. Mwaka 1855 William Thomson alikuwa ameonyesha kwamba kebo ndefu majini huitawanya ishara, ikafika imelegea, na kwamba kuchelewa huko hukua kwa mraba wa urefu. Waliodhani dawa ni kupaza sauti waliumbuka: mwaka 1858 kebo ya Atlantiki ilitwishwa volti zipatazo 2,000, ikafa ndani ya majuma machache.

Werevu ulikuja miaka ya 1870, nao ndio kiini cha habari hii. Alexander Muirhead alijenga kebo ya bandia, matabaka ya karatasi ya bati na nta yaliyoiga tabia ya kebo halisi. Ili pande mbili ziweze kutuma kwa wakati mmoja, umeme wa mtumaji uligawanyika, nusu ukaenda baharini na nusu kwenye mwigo. Chombo cha kupokelea, kikiwa katikati, kikawa hakiusikii mkono wa nyumbani bali wa mgeni wa mbali. Ili kuiondoa kelele, ilibidi kwanza kuiiga.

Redio ilileta kelele nyingine, ya radi za ikweta, ambayo mwenye redio ya masafa mafupi pale Likoni anaijua kwa mikwaruzo yake. Mwaka 1928 Johnson na Nyquist wakaonyesha kwamba hata joto la waya hutoa kelele. (Nyuzi 32 za Changamwe huizidisha kelele hiyo kwa takriban asilimia 8 tu kuliko nyuzi 10 za London.) Mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuishambulia Colombo, wasikilizaji wa jeshi la majini la Uingereza walihama kutoka huko kwenda Kilindini, katika shule ya Allidina Visram. Adui alikuwa mbali na ishara zake hafifu, nyingi zikapotea hewani. Hata hivyo waliuvunja msimbo wa meli za biashara, JN-40.

Mwaka 1948 Claude Shannon aliweka mpaka: kila njia yenye kelele ina kiwango chake cha habari kisichoweza kuvukwa. Kompyuta zilipoenea, wahandisi walianza kutunga ishara safi, kuichanganya na kelele ya namba za bahati nasibu, kisha kuipitisha kwenye kichujio. Kwa kuwa asili inajulikana, kichujio hakiwezi kudanganya: kilichokula ishara kinaonekana, na kilichoacha kelele kinaonekana.

Mwaka 2009 nyuzi za kioo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa; mwaka 2022 PEACE ikatua Nyali. Katika mitambo ya leo ya kupokelea, kichakataji hukadiria jinsi uzi ulivyoutawanya mwanga, kikatunga kinyume chake kwa hesabu. Ni kebo ya Muirhead, sasa imefinyangwa kwa namba. Vikuza mwanga vilivyozamishwa baharini navyo huongeza kelele yao, na hiyo hakuna hesabu inayoifuta yote.