Mahame na Ramani: Maneno ya Ardhi katika Mipango ya Bagamoyo

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba mgongano wa mpango wa kijiji na mipango mipana ya maendeleo, katika Bagamoyo ya kale, ni mgongano wa maneno kabla ya kuwa wa mipaka. Neno tutakalolifuata ni mahame, yaani mahali palipohamwa na wakazi wake.

Tangu Ubena Zomozi, kwenye barabara ya Morogoro, hadi vijiji vya mwambao, mkulima wa Kikwere, Kizaramo au Kidoe hakulima konde moja maisha yake yote. Ardhi ikichoka aliiacha ipumzike, akafyeka kwingine. Alichokiacha hakikukosa mwenyewe: miembe na minazi ilibaki kuwa ya aliyeipanda na wazao wake, kwani katika desturi ya pwani mwenye mti na mwenye ardhi huweza kuwa watu wawili. Mahame, basi, ni neno la kumbukumbu. Lasema kwamba watu wameondoka. Halisemi kwamba haki imeondoka.

Dola ilikuja na msamiati wake. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Sheria ya Waingereza ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya Uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu mahali pamoja, na mahame yakaongezeka.

Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili. Sheria ya Ardhi, Na. 4, inaeleza kwamba ardhi ya jumla inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, haina maneno hayo. Mpangaji akishika ya kwanza, mahame ni akiba ya mradi. Wanakijiji wakishika ya pili, ni akiba ya wajukuu. Hata kitenzi hubadilika kwa ukubwa wa eneo: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhaulishwa, mkutano mkuu wa kijiji hukubali au hukataa, ikizidi hapo, kijiji hupendekeza, na Waziri ndiye anayeamua.

Mfano ulio wazi ni Razaba, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Eneo hilo la hekta zipatazo 28,000 lilitengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya ufugaji wa Serikali ya Zanzibar. Ranchi ilipokufa, wakulima na wafugaji walikuwa wakiishi humo. Mradi wa miwa wa kampuni yenye asili ya Sweden ulipofuata, mtu yuleyule aliyejiita mwenyeji aliweza kuitwa mvamizi. Mwaka 2016 Serikali iliuondoa mradi huo, na sehemu ya ardhi ikapewa mwekezaji mwingine wa sukari. Mipango ilibadilika, swali la nani alikuwapo likabaki.

Haifai kuhitimisha kwamba kijiji kipange peke yake. Mto Wami hausimami kwenye mpaka wa kijiji, wala ng'ombe hawasomi ramani. Sheria Na. 5 inaruhusu vijiji kukubaliana juu ya ardhi wanayoitumia kwa pamoja, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inatambua mamlaka za kupanga za taifa, wilaya na kijiji. Ngazi zipo. Kinachokosekana ni lugha ya kupandia na kushukia.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria nchini. Kazi yetu wanaisimu si kutafuta visawe vya istilahi za kigeni tu. Ramani ya kijiji yenye makazi, mashamba, malisho na msitu iwe pia na mahame, pamoja na majina ya koo zilizopanda miti yake. Ramani hiyo ikifika wilayani na mkoani, asiwepo wa kusema kwamba aliikuta ardhi tupu.