Akiba ya uzazi: kutoka kihenge hadi sanduku la kufuli tatu

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Ilemba, mtoto hasubiri mavuno. Mimba inaweza kufika mwezi wa tisa wakati mpunga bado uko shambani na duka halina mauzo. Tuone akiba ya uzazi ilivyobadilika, tuchukue linalotufaa.

Zamani Ufipa akiba ilikuwa mali: ulezi kwenye kihenge, kuku, mbuzi. Ilimlisha mzazi vizuri. Lakini ukihitaji fedha usiku, mbuzi hana mnunuzi, na anayejua una shida atakupa bei ya kutupa.

Baada ya Uhuru, hospitali za Serikali zilitibu bure. Mwaka 1993 uchangiaji ulianza, ila wajawazito na watoto chini ya miaka 5 walisamehewa. Hapa ndipo wengi tunajikwaa: tukisikia "bure", hatuweki kitu. Msamaha ni wa huduma. Khanga, beseni, nguo za mtoto, chakula, na nauli ya msindikizaji kupanda mlima hadi Sumbawanga ikitokea rufaa, ni juu yako.

Mwaka 1991, Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini vikundi vya kuweka akiba wenyewe, bila benki. Mtindo huo ulienea Afrika, na kwetu tunaujua kupitia VICOBA. Siri yake ni sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Fedha iliyo chini ya godoro haina ulinzi huo. Huliwa na chumvi, sabuni na wageni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe.

Basi fanya hivi. Mimba ikijulikana, baba na mama kaeni pamoja mwandike mahitaji. Sh 2,000 kila wiki kwa wiki 30 ni Sh 60,000. Nunueni vifaa kidogo kidogo, msisubiri mwezi wa mwisho. Na kwa kuwa mgawo unaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, ombeni kikundi kiandike kwenye katiba yake kwamba mfuko wa jamii utamsaidia mwanachama anayejifungua.

Wazee walijaza kihenge kabla ya njaa. Nasi tujaze sanduku kabla ya uchungu.