Augustino alimdanganya mamake bandarini

Kwa miezi saba nilikuwa namwambia mamangu niko darasani, na nilikuwa nimeshaacha chuo. Akipiga simu natoka nje kwenye kelele, nasema, "Mama, mwalimu ameingia," halafu nakata. Kwa hivyo niliposoma vile Augustino alimfanyia mamake nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza.

Huyu ni yule Augustino wa Hippo, ambaye kwa picha nyingi anachorwa kama Mzungu. Wasee, alizaliwa Thagaste, ndani ya Algeria ya leo, mwaka 354. Akiwa na miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima juu ya pesa za masomo. Ni wakati huo yeye na mabeshte wake waliiba mapeasi ya wenyewe usiku, wakaonja kidogo, mengine wakatupia nguruwe. Hata njaa hawakuwa nayo. Baadaye akaenda Carthage, akapata mpenzi, wakazaa mtoto, akafuata dini ya Wamanikea kwa miaka kama tisa.

Mamake, Monika, alikuwa Mkristo wa kulia machozi kweli kweli. Alienda kwa askofu mmoja amwombe aongee na huyu kijana. Askofu akakataa, eti amwache tu na aendelee kumwombea. Monika akasumbua mpaka askofu akachoka, akamhakikishia kwamba mtoto wa kuliliwa hivyo haendi kupotea.

Mwaka 383 Augustino akaamua kuhamia Roma. Monika akamfuata hadi bandarini, akamshikilia: ama turudi nyumbani, ama twende wote. Kijana akamdanganya kwamba anasindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Akamshawishi alale kwenye kanisa dogo la ukumbusho wa Sipriani, karibu na meli. Usiku meli ikaondoka. Asubuhi mama yuko ufuoni peke yake.

Tukiongea juu ya upendo wa Mungu kwa waliopotea, wengi wetu tunajua mwana mpotevu: baba yuko nyumbani, kijana anarudi mwenyewe. Lakini kwa hiyo Luka 15 kuna pia kondoo na sarafu, na hao wanatafutwa. Mchungaji anaacha 99. Mwanamke anawasha taa na kufagia nyumba. Sarafu haiwezi kutubu, haijui hata kama imepotea. Monika ni huyo mwanamke wa ufagio. Alipanda meli, akavuka bahari, akamkuta Milano. Na Augustino, akiandika Maungamo karibu mwaka 397, anaona Mungu alikuwa akimfuata muda wote, hata ndani ya ile safari ya uongo. Mwaka 386 akakata shauri kwenye bustani huko Milano, na Pasaka ya 387 Askofu Ambrosi akambatiza yeye na mwanawe, Adeodatus. Monika alifariki mwaka huo huo, kule Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Stori ingeishia hapo ningefurahi. Lakini mamake Adeodatus yuko wapi?

Walikuwa wamekaa pamoja zaidi ya miaka kumi. Wakiwa Milano ikapangwa Augustino aoe msichana wa familia ya maana, na Monika, huyo huyo wa machozi, alikuwa mstari wa mbele kwa hiyo mipango. Dada wa watu akarudishwa Afrika. Mtoto akabaki na babake. Aliondoka akimwahidi Mungu kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine. Augustino anakiri iliuma sana, halafu kabla harusi ifike akachukua mwanamke mwingine. Na jina la yule wa kwanza hakuliandika. Hadi leo hatulijui.

Hapo ndipo nashindwa na sisi Wakristo. Mwanamume akirudi tunamwita mtakatifu. Huyu aliyetolewa njiani ndio mambo ya wengine yanyooke, nani alimfagilia nyumba? Kama Luka 15 ni kweli, basi Mungu alikuwa kwenye hiyo meli ya kurudi Afrika pia. Sina ushahidi wa kihistoria. Ni imani tu, na naishikilia.

Mamangu naye alijua. Dadangu aliniambia baadaye kwamba alijua tangu mwezi wa pili. Alikuwa anapiga tu asikie sauti.