Njaa, Kongosho na Miaka: Je, Lishe Inaweza Kurudisha Nyuma Kisukari cha Muda Mrefu Bujumbura?

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili aliyekaa na maradhi hayo miaka kumi au zaidi, akiwa Bujumbura, husikia kauli mbili. Kliniki humwambia kwamba dawa ni za maisha, azoee. Mtaani, kuanzia Buyenzi hadi Kamenge, huambiwa kwamba akiacha sukari na bugali na akanywa maji ya majani ya mubirizi asubuhi na jioni, baada ya miezi michache atasahau kama aliwahi kuumwa. Makala hii inadai kwamba kauli zote mbili zina kasoro moja: zinauzungumzia ugonjwa bila kuuliza habari za mwili uliobeba ugonjwa huo. Lishe inaweza kukirudisha nyuma kisukari cha aina ya pili, hata kilichokaa, mradi mgonjwa awe na mafuta ya kupunguza na kongosho lenye seli zilizobaki hai. Wapo wagonjwa mjini hapa wenye vyote viwili, na wapo wasio na hata kimoja. Kuwapa wote ushauri mmoja ni kuwadhuru hawa wa pili.

Tiba ya kupunguza chakula ni kongwe. Majeshi ya Prussia yalipoizingira Paris mwaka 1870 hadi 1871 na mji mzima ukashikwa na njaa, daktari Apollinaire Bouchardat aliona sukari ikitoweka kwenye mkojo wa wagonjwa wake. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Frederick Allen wa New York aliigeuza njaa kuwa tiba rasmi: alimkatia mgonjwa chakula mpaka mkojo usafike, kisha akamrudishia kidogo kidogo. Watu wazima wanene walipata nafuu ya kweli. Watoto na vijana waliongezewa miezi, pengine miaka, wakibaki ngozi na mifupa, na walioponea ni wale waliowahi kuifikia insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921. Njaa ileile iliyomfaa mmoja ilimkausha mwingine. Jambo hilo lilijulikana karne moja iliyopita, na nashangaa jinsi linavyosahaulika kwa urahisi kila lishe mpya inapotangazwa.

Sayansi ya leo imeeleza sababu. Mwaka 2008 Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle alipendekeza kwamba chakula kinachozidi mahitaji kwa miaka mingi hujaza mafuta kwenye ini. Ini lililojaa mafuta haliitii tena insulini, hivyo huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu asipokula. Wakati huohuo husafirisha mafuta ya ziada, na sehemu yake huishia kwenye kongosho, ambako seli beta zinazotengeneza insulini huzimika taratibu. Mwaka 2011 kundi lake lilichapisha majaribio ya watu 11 waliokula takriban kalori 600 kwa siku kwa wiki nane. Sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilirudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya siku saba, ini likiwa la kwanza kupungua mafuta. Kongosho lilichukua muda mrefu zaidi.

Lakini wote 11 walikuwa na kisukari kichanga. Kwa msomaji wa Bujumbura ambaye mgonjwa wake alianza metformini wakati soko kuu la mji lilipoungua, Januari 2013, swali zito ni la miaka. Kundi hilohilo la Newcastle lilijibu mwaka 2015 kwa kulinganisha waliougua chini ya miaka minne na waliougua zaidi ya miaka minane, wote wakila chakula kidogo sana kwa wiki nane. Wa kwanza, asilimia 87 walifikia sukari ya asubuhi isiyo ya kisukari; wa pili, asilimia 50. Mwaka uliofuata, katika watu 30 wenye kisukari cha kati ya nusu mwaka na miaka 23, walioitikia walikuwa 12, na bado walikuwa hivyo miezi sita baadaye. Wastani wa miaka ya ugonjwa kwa walioitikia ulikuwa karibu minne; kwa wasioitikia, karibu kumi. Miaka inapunguza uwezekano. Haiufuti.

Utafiti mkubwa uliowapa watu matumaini duniani kote, ule wa Scotland na Tyneside uliochapishwa Desemba 2017, haukugusa kabisa wagonjwa wa muda mrefu. Uliwachukua watu 306 waliogundulika ndani ya miaka sita, wasiotumia insulini, wenye uwiano wa uzito kwa urefu kuanzia 27. Kundi la lishe kati yao lilipewa kinywaji cha unga maalumu chenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa nje ya kisukari bila dawa, ikilinganishwa na asilimia 4 ya kundi lililopata huduma ya kawaida. Kwa waliopoteza kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86. Baada ya miaka miwili ikawa asilimia 36. Na kati ya 85 wa kundi la lishe waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano, waliokuwa bado nje ya kisukari walikuwa 11. Takwimu hii ya mwisho hutajwa mara chache na wanaouza matumaini. Hata hivyo siioni kama ushahidi wa kushindwa: miaka miwili au mitatu bila dawa ni miaka ambayo macho na figo zilipumzika. Inachobatilisha ni ahadi ya kumaliza kazi mara moja.

Sasa turudi kwenye mwili. Tuchukue wagonjwa wawili wa kufikirika. Mmoja ni mfanyabiashara wa soko la Ruvumera, tumbo limetangulia, ana miaka tisa ya kisukari na anatumia metformini na glibenklamidi. Wa pili ametoka kilimani nje ya mji, ni mwembamba tangu utotoni, ana miaka tisa vilevile na anatumia dawa zilezile. Kwenye daftari la kliniki wanafanana. Wa kwanza ndiye mtu wa Newcastle, kwa kuchelewa kidogo. Wa pili ni mtu ambaye utafiti wa Scotland usingempokea mlangoni hata kama ugonjwa wake ungekuwa mchanga.

Wa pili si kioja katika ukanda huu. Uchunguzi uliofanywa Uganda miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wazima wanaogundulika na kisukari si wanene, na kwamba tatizo lao kuu ni kongosho linalotoa insulini kidogo, tofauti na mwenye tumbo ambaye insulini anayo lakini haifanyi kazi. Sababu moja inayojadiliwa ni njaa ya mapema. Wataalamu Hales na Barker walieleza mwaka 1992 kwamba mtoto aliyepungukiwa lishe tumboni huzaliwa na kongosho lenye akiba ndogo. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha takwimu za Ukraine: waliokuwa tumboni wakati wa kilele cha njaa ya 1932 na 1933 walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata kisukari cha aina ya pili ukubwani. Burundi imepitia mauaji ya 1972, vita vya kuanzia 1993, vikwazo vya uchumi vya 1996 hadi 1999 na kambi za kukusanyia raia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao watafika kliniki za kisukari wakati mjukuu wa mfanyabiashara wetu anaoa. Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kuuita ugonjwa unaotokana na utapiamlo kisukari cha aina ya tano. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpangia kalori 850 umemrudishia chanzo cha ugonjwa wake na kukiita tiba.

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo linalolisha hadithi nyingi za mtaani. Watafiti wa Paris walieleza mwaka 2004 wagonjwa wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara waliofika hospitali sukari ikiwa juu mno, damu imejaa asidi, wakaanzishwa insulini. Baada ya wiki au miezi, wengi waliweza kuiacha na kukaa muda mrefu bila kuihitaji. Sukari kali inapoondolewa, kongosho lililopigwa bumbuwazi huzinduka. Mtu kama huyo akiwa alikunywa mubirizi wiki ileile, nani atamshawishi kwamba haukuwa mubirizi? Tena haongopi, amepona kweli kwa kipindi hicho. Tatizo ni jirani yake anayemuiga, akaacha insulini ambayo mwili wake hauna mbadala wake.

Kwa mfanyabiashara wa Ruvumera, basi, chakula gani? Unga maalumu wa Ulaya hauna haja ya kuagizwa. Hesabu inaweza kufanywa na vilivyopo sokoni. Gramu 120 za maharagwe makavu zina kalori zipatazo 400 na protini karibu gramu 27. Gramu 60 za ndagala (dagaa) kavu zinaongeza kalori kama 200 na protini zaidi ya gramu 35. Lengalenga (mchicha) mafungu mawili matatu, kalori chini ya 100. Kijiko kimoja cha mawese ya Rumonge, kalori 130. Jumla inakaribia 830, na protini inatosha kulinda misuli. Linganisha na bugali wa muhogo: gramu 300 za unga, kiasi ambacho mtu mwenye njaa hukimaliza bila kujivunia, zina kalori zaidi ya 1,000 na protini za kuhesabu kwa vidole. Chupa moja kubwa ya Primus, sentilita 72, ni kalori kama 300 nyingine. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929 kwa takriban miaka 30, alikuwa wa mbele kusema kwamba makapi ya vyakula visivyokobolewa yana kazi mwilini. Maharagwe ya Burundi yangemfurahisha.

Ugumu uko kwenye sinia na kwenye jiko. Maharagwe yanataka saa kadhaa za makaa, na makaa yana bei. Anayepika ni mke au binti, naye anapikia watu saba; kumwambia apike chungu cha pili kwa ajili ya baba ni uamuzi wa kiuchumi ambao daktari hana mamlaka nao. Kula pamoja ni adabu, na mwenye nyumba anayesukuma sinia mbele huulizwa amekasirikia nini. Kwa hiyo naona mashauriano yanayofanyika na mgonjwa peke yake, bila anayeshika mwiko, yanapoteza muda wa wote wawili.

Hatari iliyo karibu zaidi ni dawa. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Aliyepunguza chakula kwa theluthi mbili huku akimeza kidonge kilekile anaweza kuanguka usiku kwa sukari kushuka mno. Madaktari wanaohudumia Waislamu wa Buyenzi wanalijua jambo hili kila Ramadhani, na ujuzi huo ungehamishiwa hapa moja kwa moja. Katika utafiti wa Scotland dawa za sukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ileile lishe ilipoanza. Insulini ina hesabu nyingine: hupunguzwa na daktari kwa hatua, sukari ikipimwa mara kadhaa kwa siku, na bandeleti za kupimia hununuliwa na mgonjwa mwenyewe mara nyingi. Aliyeugua muda mrefu aweza pia kuwa na figo zilizochoka, ambazo potasiamu ya maharagwe na lengalenga huzilemea. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kitangulie chakula. Macho nayo yakaguliwe kabla, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla baada ya miaka mingi retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzorota kwa muda.

Na mafanikio yatapimwaje? Makubaliano ya kimataifa ya 2021 yanasema kisukari kimetulia endapo hemoglobini A1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi michache iliyopita, iko chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari. Kipimo hicho hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Malaria huziua mapema na kukifanya kisomeke chini, upungufu wa madini ya chuma hukipandisha, selimundu hukivuruga. Katika mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi, ambako malaria haiondoki, A1c nzuri peke yake isitangazwe. Iambatane na sukari ya asubuhi ya siku kadhaa.

Ningeshauri hospitali kubwa za mji, kama ya Kamenge na Prince Régent Charles, zianze na kikundi kidogo: wenye tumbo, wasiotumia insulini, hata kama wana miaka minane au kumi ya ugonjwa, wakifuatwa kila wiki kwa miezi mitatu na kisha kila mwezi. Kipimo cha C-peptidi, kinachoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, kifanyike mara moja mwanzoni kwa kila mmoja. Wembamba wasiingizwe, wao wapewe insulini mapema zaidi kuliko ilivyo desturi, pamoja na chakula cha kutosha. Kwa mwenye miaka kumi ya ugonjwa ambaye hatafikia kuacha dawa zote, kuacha glibenklamidi na kubaki na metformini pekee kuhesabiwe mafanikio na kuandikwe hivyo kwenye daftari, kwani ndilo tokeo ambalo wengi wao wanaweza kulipata, na linampunguzia mgonjwa gharama kila mwezi na hofu ya kuanguka kila usiku.